Mizinga ya Mbao, Mizigo ya Kweli

Rwanda haina bahari, lakini ilipiganiwa majini. Nikisema hivyo kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Nyakabanda, vijana wanacheka. Wanauliza: ngome za pwani zitatoka wapi huku kwenye vilima? Wao ngome za pwani wanazijua kwa picha za simu: Fort Jesus ya Mombasa, kuta nene, mizinga imeelekea baharini. Lakini sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tunajua kwamba ziwa nalo lina pwani. Lina mawimbi, lina bandari, na katikati ya maji lina mpaka ambao hakuna aliyeuona kwa macho. Na penye mpaka, siku moja atakuja mtu na beleshi kuchimba handaki.

Insha hii inahusu mabaki ya ulinzi wa pwani hizo za ndani, Kivu na Tanganyika, tangu vita vya 1914 hadi 1918. Nimeyafuata kwa miguu pale nilipoweza kufika, na kwa vitabu pale nisipoweza. Na ninaiandika kwa sababu moja. Ukitazama ngome, unaona mahali ambapo wakubwa walidhani adui angetokea. Huoni aliyebeba mawe. Sisi wasomaji wa jarida hili tunapaswa kumtafuta huyo wa pili, maana mara nyingi huyo ndiye babu yetu.

Ziwa lililogawanywa

Kabla ya vita, upande wa mashariki wote ulikuwa wa Wajerumani: Rwanda, Burundi na Tanganyika. Wazee wa hapa wanawaita Abadage, wale wa pwani ya bahari wanawaita Wadachi. Upande wa magharibi ulikuwa Kongo ya Wabelgiji. Mpaka ulipita Ziwa Kivu, ukashuka na mto Rusizi, ukaingia Ziwa Tanganyika na kwenda nalo hadi kusini. Mwaka 1910 wakubwa walikaa Brussels wakakubaliana nani achukue nini, na kisiwa cha Idjwi kikaenda kwa Wabelgiji. Watu wa Idjwi hawakuwa kwenye meza ile.

Vita vilipoanza Ulaya mwezi Agosti 1914, havikuchukua hata mwezi kufika kwetu. Mwezi uleule meli ndogo ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, ilivuka Tanganyika ikaiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wa Lukuga, pale ambapo leo ni Kalemie. Kuanzia siku hiyo Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa. Mwezi Septemba kikosi chao kutoka Gisenyi kikavuka Kivu na kuiteka Idjwi. Aliyeongoza upande ule alikuwa Kapteni Max Wintgens. Mwami wa Rwanda, Yuhi Musinga, alikuwa upande wa Wajerumani, na hiyo maana yake chakula na watu vilitoka kwenye vilima vya Rwanda kwenda kwenye mstari wa mbele.

Tazama ramani basi. Gisenyi inaitazama Goma. Cyangugu inaitazama Bukavu. Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, inaitazama Uvira. Kigoma inaitazama pwani ya Kongo ng'ambo ya maji. Kila mji una mwenzake upande wa pili, ndugu kwa biashara na ndoa, na ghafla kila mji unaambiwa kwamba mwenzake ni adui. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tumevuka mojawapo ya mistari hiyo, tena si mara moja.

Kutafuta handaki Rubavu

Nilikwenda Rubavu nikiwa na hamu ya kuona kitu. Nilitaka ukuta, hata kipande. Anayetarajia hivyo atarudi mikono mitupu, na ni vizuri kuelewa kwa nini.

Vita vya Kivu havikuwa vya ngome za mawe. Vilikuwa vya udongo. Wajerumani walikaa kwenye vilima vinavyotazama tambarare ya Gisenyi na bonde la mto Sebeya, wakachimba. Wabelgiji walikaa upande wa Goma na kwenye miinuko ya volkano, nao wakachimba. Handaki la vita halichimbwi kwa mstari ulionyooka. Linakwenda kwa kona, kushoto na kulia, ili risasi ikiingia upande mmoja isisafiri hadi mwisho na kuwamaliza wote waliomo. Udongo uliotolewa unarundikwa mbele kama kinga. Bombomu, yaani bunduki ya mfululizo, huwekwa pembeni badala ya katikati, ili risasi zake zikatize mbele ya handaki na anayepanda kilima azikute ubavuni.

Sasa, udongo una tabia yake. Mvua ya Rubavu si ya mchezo. Miaka michache tu, kingo zinaporomoka. Mkulima anakuja, anaona shimo refu lisilo na kazi, analijaza au analifanya mfereji wa maji. Baada ya miaka mia moja unasimama kwenye shamba la viazi na mbele yako kuna matuta, ngazi juu ya ngazi, kilima kizima. Kila tuta lina mtaro wake. Lipi lilichimbwa na askari na lipi na mkulima? Jicho peke yake haliwezi kukuambia.

Lakini kuna kitu unachokiona, nacho ni mtazamo wenyewe. Panda kilima kinachotazama mji, geuka magharibi. Goma yote iko chini yako, Nyiragongo kulia, ziwa kushoto. Hapo huhitaji kuambiwa kwa nini askari alichagua mahali pale. Nilisimama na kijana mmoja wa pale aliyekuwa akichunga mbuzi. Nikamwuliza kama amewahi kusikia habari za Abadage na handaki zao.

"Indake?" akasema, akitumia neno lao. "Indake ninazozijua ni za juzijuzi, mzee. Hizo za zamani sijui."

Nilimwelewa. Katika nchi hizi zetu, vita vimekuja juu ya vita kama matabaka ya majivu ya volkano. Anayetafuta kile cha chini lazima apite kwenye vya juu, na vile vya juu bado vina moto. Ndiyo maana mzee wa Kivu ukimwuliza habari za vita atakuuliza kwanza: vita gani?

Mzinga uliotembea

Ziwa Tanganyika lina habari tofauti, kwa sababu kule ulinzi ulikuwa wa chuma, na chuma kinaweza kusafiri.

Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Kwa reli hiyo ikaja meli iliyovunjwavunjwa vipande, imefungwa kwenye masanduku elfu kadhaa. Ilikuwa imetengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Iliunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Urefu wake karibu mita 70. Jina lake Graf von Götzen, jina la gavana Mjerumani. Tusahau jina hilo kwa sasa, maana meli hiyo tutakutana nayo tena kwa jina jingine.

Meli ilihitaji mzinga. Mzinga ukatoka mahali pa ajabu: baharini. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Kisha ikajificha ndani ya mikono ya mto Rufiji, kwenye mikoko. Waingereza waliitafuta, wakaizingira kwa miezi, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa. Lakini Wajerumani waliirudia ile meli iliyolala kwenye matope, wakaitoa mizinga yake yote 10 ya sentimeta 10.5, wakaikokota hadi Dar es Salaam kutengenezwa kwenye karakana za reli. Neno hili "wakaikokota" ni fupi mno. Wanaume walifungwa kamba, mamia kwa kila mzinga, wakaivuta kwenye matope, mchanga na pori, juani.

Mmoja wa mizinga ile ulifika Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Götzen. Yaani mzinga uliotengenezwa kwa ajili ya bahari ya Ulaya ukawa unalinda ziwa letu la maji matamu.

Waingereza nao wakajibu kwa wazimu wa aina yao. Walitoa boti mbili za injini London, kila moja kama mita 12, wakaziita Mimi na Toutou. Zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha zikavutwa kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu kuvuka milima ya Mitumba, zikashushwa mto Lualaba, zikapanda treni tena hadi Lukuga. Njia ya milimani ilibidi itengenezwe kwanza, miti ikatwe na madaraja yajengwe. Vitabu vinamtaja kamanda wao, Spicer-Simson, na vituko vyake. Waliokata miti hawatajwi kwa majina.

Boti hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann mwezi Februari 1916. Ikabaki Graf von Götzen peke yake.

Ngome iliyodanganya

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kusini mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, kuna mji mdogo unaoitwa Kasanga. Wajerumani walipaita Bismarckburg, wakajenga ngome kwenye rasi, juu ya maji. Magofu yake yapo hadi leo. Ni mojawapo ya mahali pachache kwenye pwani za maziwa yetu ambapo unaweza kusema: hapa palikuwa na ukuta wa vita, na huu hapa.

Mwezi Juni 1916 Spicer-Simson alikwenda huko na boti zake. Kazi yake ilikuwa kuziba njia ya majini ili Wajerumani wasitoroke wakati jeshi la nchi kavu likiwajia kwa nyuma. Alipoikaribia ngome aliona mizinga imepangwa juu ya ukuta ikielekea ziwani. Akaogopa kwa ajili ya boti zake ndogo, akageuka akaondoka. Usiku Wajerumani wakapanda vyombo vyao wakaenda zao. Jeshi la nchi kavu lilipoingia ngomeni likakuta kwamba ile mizinga ilikuwa ya mbao.

Ya mbao! Gogo limechongwa, limelazwa ukutani, limetazama ziwa, na kikosi kizima kikarudi nyuma.

Na mwaka huohuo kule Kigoma, ule mzinga mkubwa wa Königsberg ulitolewa kwenye Graf von Götzen ukapelekwa kwingine ulikohitajika zaidi. Mahali pake pakawekwa nini? Mzinga wa mbao. Ndege za Wabelgiji zinazotua majini zilikuja kudondosha mabomu Kigoma mwezi Juni, na Wabelgiji hawakujua kwamba meli wanayoiogopa haina tena jino lolote la maana.

Nimefikiria sana habari hii. Inachekesha, na wasimuliaji wa Kiingereza huisimulia ili watu wacheke. Lakini sisi tunaweza kuisoma kwa namna nyingine. Katika vita hivi vya maziwa, sehemu kubwa ya kile kilichoitwa ulinzi ilikuwa sura tu. Ngome ilikuwa ikitisha kuliko ilivyokuwa ikiweza. Bendera, ukuta mweupe, gogo lililopakwa rangi. Kitu ambacho hakikuwa cha mbao hata siku moja ni mzigo. Mzigo ulikuwa wa kweli, kilo 25 hadi 30 kila kichwa, kila siku, kutoka ziwa hadi ziwa.

Waliobeba

Wabelgiji walianza kusonga mbele mwezi Aprili 1916, chini ya Jenerali Tombeur. Kikosi kimoja kilivuka Rusizi. Kingine kilipita kaskazini, chini ya Molitor, kikaingia Kigali tarehe 6 Mei 1916. Kigali ya siku ile ilikuwa kijiji cha serikali juu ya kilima cha Nyarugenge, mji uliokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Nyumba ya Mjerumani Richard Kandt, mkazi wa kwanza wa serikali yao hapa, ipo bado, imegeuzwa jumba la makumbusho, na kutoka Nyakabanda si mbali. Ndugu wafanyakazi wa mashirika, mkipata Jumamosi moja nendeni. Kandt mwenyewe hakuona vita vya huku. Alikuwa ameshaondoka, akafa mwaka 1918 kwa madhara ya gesi ya vita vya Ulaya.

Kutoka Kigali jeshi liliendelea. Kigoma ilichukuliwa tarehe 28 Julai, Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Askari hao walihitaji risasi, unga, dawa, hema. Barabara za magari hazikuwepo, na ndorobo waliua ng'ombe na farasi. Basi kila kitu kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Kwa kampeni nzima upande wa Wabelgiji huhesabiwa wapagazi wapatao 260,000. Upande wa Waingereza, kwa miaka yote ya vita, waliandikisha karibu milioni moja, na waliokufa kwa hesabu zao wenyewe ni zaidi ya 95,000. Risasi haikuwa mwuaji mkuu. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, baridi, na chakula kisicho cha kwao ambacho hawakufundishwa kukipika. Wajerumani nao walichukua watu kila walikopita, na huko hesabu ni mbaya zaidi.

Na nyumbani je? Vijana wakiondoka na mazao yakichukuliwa, nani atalima? Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, palepale kwenye vilima vya handaki, ikaja njaa inayoitwa Rumanura, kati ya 1916 na 1918. Wazee wa Kinyarwanda hutaja njaa kwa majina kama watu wengine wanavyotaja wafalme.

Jirani yetu hapa ni bibi aliyepita miaka themanini, asili yake Bukavu. Nilimwuliza kama kwao kulikuwa na mtu aliyebeba. Akaweka chini sufuria.

"Babu alibebaka sanduku mpaka Tabora," akasema. "Hakuulizaka mule ndani kuna nini. Kurudi kwake, shingo haikunyooka tena."

"Walimlipa, bibi?"

"Walimupatia kitambaa. Kimoja. Na watoto walikuwa sita."

Akaokota sufuria yake. Hiyo ndiyo historia yote ya kampeni ya Tabora kwenye familia ile: shingo na kitambaa.

Kuna mabaki mengine ya watu hao ambayo tunayakanyaga bila kujua. Kariakoo ya Dar es Salaam, soko ambalo kila mfanyabiashara wa Nyamirambo amelisikia, ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, lililogeuka mdomoni mwa watu. Nairobi nako kuna Kariokor, jina lilelile. Dar es Salaam kuna sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na pale yupo askari peke yake na bunduki yake. Nairobi sanamu ni za watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Nikilinganisha hizo mbili ninaona kwamba hata kwenye shaba kuna watu huachwa nyuma.

Hata Kiswahili chenyewe hapa Kigali ni baki la nyakati zile. Kilikuja na misafara ya wafanyabiashara, kikaja na askari wa Wajerumani, kikabaki Nyamirambo na Biryogo. Mtu akikuambia kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni hapa, mwambie kiliingia mji huu ukiwa mchanga kabisa, kikakua nao.

Meli ambayo haikukubali kufa

Tarehe 26 Julai 1916, siku mbili kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Graf von Götzen wenyewe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi walioiunganisha waliipenda. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake mafuta mazito ya kulainishia, kila mahali, ili maji yasizile. Wakaijaza mchanga, wakaiachia polepole. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakaikuta nzima. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikaitwa Liemba.

Ndiyo, Liemba ile ile. Kwa hiyo baki kubwa kuliko yote la ulinzi wa pwani ya Tanganyika halikuwa ukuta. Lilikuwa meli ya abiria, yenye dagaa, mananasi, kuku na akina mama wenye mabeseni.

Mimi nimeipanda. Vita vya 1996 vilipofika Uvira, nilikuwa mtoto wa miaka minane. Tulivuka ziwa usiku kwa boti ya wavuvi hadi upande wa Kigoma. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia Liemba kuwarudisha watu Kongo. Ilikwenda safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa miezi mitano, ikabeba watu zaidi ya 75,000. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Ninakumbuka chuma chake kilivyokuwa cha moto mchana na baridi usiku. Ninakumbuka mama akituhesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, kisha tena kuanzia mwanzo, usiku kucha. Hakuna aliyetuambia kwamba tumekaa pale ambapo zamani palifungwa mzinga. Hata kama tungeambiwa, mama angeendelea kuhesabu.

Mwezi Mei 2015 Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya ziwa, makumi ya maelfu walirundikana kwenye ufuko mwembamba kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa, na meli iliyokuja ilikuwa Liemba, mamia kwa kila safari hadi Kigoma. Baadhi ya wasomaji wa jarida hili walikuwa kwenye safari hizo. Mmoja aliniambia alidhani ni meli ya Wachina ya miaka ya sabini. Nilipomweleza umri wake akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe inatuzidi wote ukimbizi."

Kwa nini kingine hubaki na kingine hupotea

Nikiyaweka mabaki haya pamoja ninaona kanuni moja rahisi. Kinachobaki ni kile ambacho watu walikipatia kazi. Handaki la Rubavu lilijazwa kwa sababu shamba lilihitaji nafasi. Liemba ilibaki kwa sababu watu walihitaji kuvuka. Fort Jesus yenyewe, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza wakati wa Waingereza hadi 1958, ndipo ikawa makumbusho. Bila hilo gereza labda mawe yake yangeishia kwenye nyumba za watu. Huko Mombasa imewekwa mizinga miwili: mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus. Meli iliyozamisha na meli iliyozamishwa, zimekaa pamoja kwa amani, watoto wanazipanda.

Mpagazi hakupewa kazi nyingine baada ya vita ile ya kumfanya akumbukwe. Alirudi shambani, kama alirudi. Jina lake liliandikwa vibaya kwenye daftari, au halikuandikwa. Hapo ndipo ninapoona kwamba habari hii ni yetu leo. Sisi tunajua maana ya kuwa namba. Tunajua kukaa mbele ya meza ukiulizwa kijiji cha babu yako, na karani anaandika jina jinsi alivyolisikia, na kuanzia siku hiyo wewe ni huyo aliyeandikwa. Mtu asiye na maandishi hulazimika kujieleza maisha yake yote.

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi mawili.

Kwa vijana wa kambini na wa mjini: msiende kuchimbua chuma. Nasema kwa uzito. Kwenye ardhi ya Kivu kuna mabomu ya vita vya karibuni yasiyolipuka, na bomu halikuambii mwaka wake. Ukiona kitu cha chuma usichokijua, usikiguse, rudi kwa njia uliyojia, toa taarifa. Badala ya kuchimba, ulizeni. Kila mmoja wenu ana simu. Mzee wa miaka themanini leo alimjua babu yake, na babu huyo huenda alibeba. Ulizeni mambo manne tu: jina lake kamili, kijiji alichotoka, alibeba hadi wapi, na alirudi na nini. Rekodini kwa lugha ya mzee mwenyewe, hata kama Kiswahili chake kinachanganyika na Kifuliiru, Kinyarwanda au Kibembe. Msimsahihishe.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: mna mashine za kunakili, mna makabati yanayofungwa, mna intaneti isiyokatika ovyo. Tunaomba daftari moja na rafu moja. Majina yatakayoletwa yahifadhiwe mahali ambapo hata kambi ikihamishwa, hayapotei. Mnafahamu wenyewe jinsi kambi zinavyohamishwa.

Nimeshaanza. Ukurasa wa kwanza una majina kumi na moja, na la babu wa jirani yangu liko la tatu. Pembeni mwa kila jina nimeacha safu ya mzigo. Kwake nimeandika: sanduku, ndani hakijulikani, Bukavu hadi Tabora.